CHAKULA CHA MWENZETU ANAYETIBIWA SARATANI NI SHAURI LA CHAMA



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, usalama kazini na akiba ya uzeeni. Safari hii tunaleta shauri ambalo kwa haraka laweza kuonekana kuwa ni la jikoni tu, wala si la chama: chakula cha mwenzetu anayetibiwa saratani, ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Lakini hebu kwanza tueleze yaliyotupata, kisha msomaji ataamua mwenyewe.

Mwenzetu mmoja wa karakana, fundi wa kuchomelea vyuma na mwanachama wa siku nyingi, alionekana ana saratani ya koo. Alipelekwa Kampala kutibiwa kwa mionzi, siku tano kila juma, kwa muda wa majuma saba. Sisi wa kamati ya tawi tulichanga fedha, na katika juma la tatu tukawatuma wenzetu watatu wakamwone. Walibeba kreti ya soda, pakiti za biskuti na kapu la machungwa. Walidhani wamefanya vema.

Walimkuta amekonda hata mkanda wake wa suruali umetobolewa matundu mawili mapya. Kinywa kilikuwa kimechubuka. Machungwa yalimchoma kama pilipili, biskuti hazikumezeka, na soda ilimwunguza ulimi. Muuguzi alipopita aliuliza swali moja tu: "Leo mgonjwa amekula nini?" Mke wake akajibu kwamba tangu asubuhi amekunywa chai ya rangi. Mayai, nyama na maziwa walikuwa wamemwondolea kabisa, kwa kuwa jirani mmoja aliwaambia kwamba vyakula hivyo "hulisha kansa".

Juma lile lile matibabu yalisimama. Mgonjwa wa koo anapopigwa mionzi huvalishwa kifuniko cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha uso wake, ili kichwa kisitikisike na mionzi ipige mahali panapotakiwa. Ndugu yetu alikuwa amekonda kiasi kwamba kifuniko kililegea, ikabidi kitengenezwe kingine, na yeye mwenyewe atundikiwe dripu za maji kwanza. Siku zile zilizopotea si jambo dogo. Matibabu ya mionzi yanapokatika katikati, chembe za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana tena.

Basi hapo ndipo tulipojifunza. Fedha tulichanga, safari tulifunga, na bado mwenzetu alikuwa anakaa na njaa. Yanayofuata ni yale ambayo tungependa tuwe tuliyajua kabla ya siku ile.

CHAKULA HAKIPONYI, LAKINI HUMFIKISHA MGONJWA

Tuanze na jambo la msingi. Hakuna chakula kinachoponya saratani. Kinachotibu ni upasuaji, mionzi na dawa, kila kimoja peke yake au pamoja, kama daktari atakavyoamua. Na matibabu hayo yana matunda. Ni katika Uganda hii hii ambapo daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, alieleza mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto. Na baada ya taasisi ya saratani kuanzishwa pale mwaka 1967, watoto wengi wenye uvimbe huo walitibiwa kwa dawa wakapona. Asiseme mtu kwamba kansa ni kaburi.

Lakini tiba hizi ni nzito, na mwili unaozipokea hauna budi kuwa na nguvu. Saratani yenyewe huuvuruga mwili, ikaula msuli hata mgonjwa akiwa amelala tu. Juu ya hayo dawa huleta kichefuchefu, mionzi huchubua kinywa au tumbo, na wasiwasi huondoa hamu ya kula. Mgonjwa akikonda sana, damu hupungua, vidonda vya upasuaji huchelewa kupona, na mara nyingi daktari hulazimika kupunguza dawa au kuahirisha zamu. Kwa hiyo kazi ya chakula ni kumfikisha mgonjwa mwisho wa matibabu, na kazi hiyo si ndogo.

KABLA YA MATIBABU

Muda wa kungoja kuanza matibabu usipotee bure. Jambo la kwanza ni kupima uzito na kuuandika. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akishuka mpaka 54 katika miezi sita, amepoteza asilimia 10 ya mwili wake, na daktari lazima aambiwe. Mzani wa zahanati ya kiwandani watosha kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni kujenga mwili. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mgonjwa wa saratani ahitaji, kwa kila kilo ya uzito wake, kati ya gramu 1 na gramu 1 na nusu ya protini kwa siku, yaani kile chakula kinachojenga msuli na kuziba vidonda. Mtu wa kilo 60 basi atafute gramu 60 hadi 90. Nyingi? Tuhesabu pamoja. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kama 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Konzi mbili za karanga, gramu 60 hivi, zina kama 15. Anayekula kwa siku mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, kikombe cha maharage na karanga hizo amekaribia 60, na protini kidogo iliyomo katika unga humvusha. Mukene, wale dagaa wadogo wanaouzwa kwa vipimo sokoni, wana protini nyingi kuliko nyama kwa uzito ule ule, kwa kuwa wamekaushwa, na bei yao mtu wa mshahara mdogo anaimudu.

Matoke na posho hutia nguvu, lakini peke yake havijengi. Sahani iliyojaa posho na mchuzi wa kuchovya tu hudanganya macho. Afadhali posho nusu sahani, na nusu nyingine maharage, mukene au mchuzi wa karanga, pamoja na dodo au nakati.

Jambo la tatu ni meno. Mwenye saratani ya kinywa au ya koo amwone daktari wa meno kabla ya mionzi kuanza, kwa sababu jino bovu likingolewa baada ya mionzi, taya huweza kukataa kupona.

WAKATI WA MATIBABU

Hapa ndipo penye vita. Shauri kubwa ni hili: mgonjwa asingojee njaa, na asitengewe sahani kubwa. Ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kama anavyokunywa dawa. Vijiko vitano vinavyokaa tumboni ni bora kuliko sahani inayorudi. Saa anayojisikia nafuu, mara nyingi asubuhi, ndiyo ya kumpa chakula kizito.

Kila udhia una namna yake ya kuukabili:

Kichefuchefu. Chakula kilichopoa hunuka kidogo kuliko cha moto. Mgonjwa akae mbali na moshi na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Mkate mkavu, viazi vya kuchemsha, ndizi na chai ya tangawizi huvumilika. Daktari anazo dawa za kuzuia kutapika. Zimezwe kwa wakati uliopangwa, kabla kichefuchefu hakijaanza.

Vidonda vya kinywa na koo. Machungwa, ndimu, nanasi, pilipili, chumvi nyingi na vitu vya moto sana viwekwe kando. Uji, maziwa mtindi yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, ovakado lililopondwa, mayai ya kuvuruga yaliyoiva, na matoke yaliyosongwa laini kwa mchuzi wa karanga hupita. Kinywa kisukutuliwe mara nyingi kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, lita moja kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea mikate. Maumivu yakizuia kula, mgonjwa aombe dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla ya chakula. Kuvumilia maumivu huku mwili unakonda si ushujaa.

Ladha kubadilika. Wengi husema chakula kina ladha ya chuma. Kama kinywa hakina vidonda, ndimu kidogo husaidia. Nyama ikimchukiza, apewe samaki, mayai au maharage. Na kijiko cha mti au cha plastiki huweza kupunguza ile ladha ya chuma.

Kuharisha. Hatari yake ni kupungukiwa maji. Pakiti za dawa ya kuharisha zatosha. Zisipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko sawasawa bila kilima. Maharage, mboga ngumu na vyakula vya mafuta mengi vipunguzwe kwa siku hizo. Ikiendelea zaidi ya siku moja, hospitali.

Choo kigumu. Dawa nyingine za saratani na vidonge vikali vya maumivu hufunga tumbo. Maji mengi, papai, uji wa wimbi na kutembea kidogo husaidia. Siku tatu zikipita bila choo, daktari aambiwe.

Kwa kila mgonjwa asiyeweza kula sahani kamili tunapendekeza uji mzito: unga wa wimbi upikwe kwa maziwa badala ya maji, utiwe kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, na unga wa mukene kidogo kwa anayeupenda. Kijiko cha mafuta ya kupikia huongeza nguvu bila kuongeza wingi. Vikombe vinne vya namna hii kwa siku humshikilia mtu ambaye vinginevyo angeishi kwa chai. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aulize kwanza, maana kila mwili una masharti yake.

Ikiwa kumeza kumeshindikana kabisa, daktari aweza kutia mrija mwembamba kupitia puani mpaka tumboni. Ndugu zetu wengi huogopa mrija huu, wakauona kuwa dalili ya mwisho. Sivyo. Mrija ni mlango wa chakula, na mara nyingi huondolewa koo likipona. Fundi wetu alitiwa mrija katika juma la nne, na ni uji wa maziwa uliopita humo uliomrudisha mezani kwa matibabu.

USAFI WA CHAKULA

Dawa za saratani hupunguza askari wa damu wanaopigana na vijidudu. Chakula ambacho sisi wazima tungekila bila taabu huweza kumwangusha mgonjwa. Kwa siku hizo maziwa yachemshwe, mayai yaive mpaka kiini kigande, nyama isiwe na damu, na kiporo kilicholala nje kitupwe. Ile rolex ya kando ya barabara, chapati na mayai yaliyoiva nusu pamoja na nyanya mbichi, ingoje mpaka apone. Matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa.

Karanga na mahindi yenye ukungu ni sumu kwa kila mtu. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo ni mojawapo ya visababisho vya saratani ya ini. Karanga iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye uchungu isisagwe ili "isipotee bure".

Na mgonjwa anayepewa dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, asilale nyumbani kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane.

YASEMWAYO MITAANI

Inasemwa kwamba sukari na nyama hulisha kansa, kwa hiyo mgonjwa asile. Kila chembe ya mwili hutumia sukari, nzuri na mbaya, na mwili huweza kujitengenezea sukari kutoka katika msuli wake wenyewe. Anayemnyima mgonjwa chakula hauui uvimbe kwa njaa, anamkondesha mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa fundi wetu, kwa upendo wote.

Inasemwa kwamba vinywaji vyekundu huongeza damu. Rangi si damu. Kinachosaidia kutengeneza damu ni chakula chenye madini ya chuma: nyama, maini yaliyoiva vizuri, mukene, maharage na mboga za majani, pamoja na tunda lenye uchachu kama kinywa kinaruhusu. Chai ya majani inywewe mbali na mlo, kwa maana hupunguza chuma kinachoingia mwilini.

Inasemwa kwamba miti shamba hutibu bila maumivu. Hatuwadharau wazee wetu, lakini dawa mbili zisizojuana tumboni huweza kuharibu ini, au moja ikaiondolea nyingine nguvu. Mgonjwa amweleze daktari kila anachokunywa, bila aibu. Waragi na pombe nyingine vikomeshwe.

BAADA YA MATIBABU

Siku ya mwisho ya mionzi si siku ya kupona kinywa. Uchungu huendelea majuma kadhaa, na ladha huchukua miezi kurudi. Uji na mayai viendelee, na uzito upimwe kila juma mpaka utulie.

Nguvu zikirudi, mpango hubadilika. Wengine, hasa akina mama waliotibiwa saratani ya matiti, huongezeka uzito kupita kiasi, nao sasa wapunguze mafuta, sukari na soda. Mboga, matunda, maharage na nafaka zisizokobolewa vijae nusu kubwa ya sahani. Nyama ya ng'ombe au mbuzi isizidi nusu kilo iliyopikwa kwa juma. Pombe na tumbaku viachwe kabisa. Kutembea kila siku, kuanzia dakika kumi, hurudisha msuli ambao chakula peke yake hakiwezi kuurudisha.

WAJIBU WA TAWI

Sasa turudi kwenye swali letu: je, shauri hili ni la chama? Mayai, maziwa na mukene ni fedha. Anayetoka Arua au Kasese kwenda Kampala ana vyumba viwili vya kulipia, nyumbani na mjini, na matumbo mawili ya kulisha, lake na la anayemwuguza. Na mshahara hausubiri. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka kwamba mfanyakazi mgonjwa alipwe mshahara kamili mwezi wa kwanza, na kama mwezi wa pili ukiisha bado hajapona, mwajiri aruhusiwe kuuvunja mkataba. Majuma saba ya mionzi, pamoja na siku za kungoja zamu na siku za kurudisha nguvu, hupita miezi miwili kwa urahisi. Mtu hufukuzwa na njaa kabla hajafukuzwa na ugonjwa.

Sheria ni sakafu. Mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri waweza kuinua dari. Tunapendekeza kila tawi lijadili haya:

1. Katika mazungumzo yajayo na mwajiri, likizo ya ugonjwa wa muda mrefu iombwe iwe ndefu kuliko miezi miwili, na kazi nyepesi iwekwe kwa anayerudi.

2. Anayerudi kazini apewe dakika chache kila baada ya saa mbili au tatu ale, na kantini impikie chakula laini.

3. Mchango wa tawi usitolewe wote siku moja. Ugawanywe kwa juma, nao utazamwe kama fedha ya chakula: mayai, maziwa, karanga, mukene, nauli.

4. Wanaokwenda kumwona mgonjwa waulize kwanza anaweza kumeza nini. Kreti ya soda tuiachie sherehe.

5. Mwanachama mmoja ateuliwe kuwa rafiki wa mgonjwa tangu siku ya kwanza, ajue uzito wake na kuzungumza na anayemwuguza. Ushauri wa jirani husikilizwa kwa sababu jirani yupo. Nasi tuwepo.

Fundi wetu alimaliza majuma yake, ingawa kwa kuchelewa. Leo yuko stoo, anatoa vyuma na misumari, na saa nne asubuhi utamwona na chupa yake ya uji. Sauti yake imekwaruza lakini katika mkutano wa tawi bado hukosi kuisikia. Alipotusamehe kwa yale machungwa alicheka. Sisi hatukucheka sana. Tangu siku hiyo, taarifa ya wagonjwa inaposomwa katika kamati yetu, mwenyekiti hauulizi tena ni shilingi ngapi zimechangwa mpaka kwanza aulize swali la yule muuguzi: leo mgonjwa amekula nini?